Mgombea Aliyesema Hatazikwa

Nchi hii haipo. Naanza hapo kwa sababu mwanasheria wa jimbo letu, Bwana Pius Ndelemi, alinionya kwamba kila anayeandika habari za nchi yetu aandike kwanza kuwa haipo, kisha anaweza kuendelea. Basi haipo. Na katika nchi hiyo isiyokuwepo kuna Jimbo la Kitutuni, ambako kwa miaka ishirini na miwili mimi nilikuwa Msajili wa Misimamo.

Kazi yangu ilikuwa nyepesi. Mtu akitaka ugavana alikuja ofisini kwangu na misimamo yake, mimi naiandika kwenye daftari kubwa, mmoja mmoja, naigonga muhuri. Kwetu mgombea hapandi jukwaani na msimamo usiosajiliwa. Akithubutu, anakamatwa kama mtu anayeuza dawa bila leseni. Ndiyo maana wageni wanaotutembelea hutusifu sana, wanasema hawajaona mahali ambako misimamo imetunzwa vizuri namna ile. Na kweli iko yote, haijaguswa na mtu.

Wageni hao hupenda pia kuuliza: je, mgombea akishashinda? Nilikuwa nawajibu kwa fahari kwamba akishashinda, tunamzika.

Hatumuui. Sisi ni watu wastaarabu. Zamani, kabla sijaajiriwa, mkulima mmoja alikwenda mahakamani na karatasi ya ahadi za gavana, akataka apewe barabara yake. Majaji walikaa siku tisa, wakatoka na hukumu ambayo mpaka leo watoto wanaikariri shuleni: aliyeahidi ni mgombea, aliyeshtakiwa ni gavana, na hao ni watu wawili, kwa kuwa hakuna shahidi aliyewahi kuwaona wamekaa pamoja. Ikatungwa Sheria ya Watu Wawili. Tangu hapo, asubuhi ya kuapishwa, nguo za kampeni za mshindi, ilani yake na kurasa za misimamo yake hutiwa kwenye jeneza. Msajili anaandika cheti cha kifo. Jeneza linapelekwa Makaburi ya Wagombea, kwenye kilima cha Vilimani, na gavana mpya anasimama mbele ya waombolezaji, analia, anatoa rambirambi, anafuta machozi, anaapa.

Ahadi za marehemu zinarithiwa na warithi wake, yaani wale waliompigia kura. Wakitaka kuzitekeleza, hakuna anayewazuia. Walioshindwa hawazikwi. Wanaruhusiwa kuishi na ahadi zao zote, ndiyo maana mjini kwetu kila kijiwe cha kahawa kina mzee mmoja mwenye mipango mizuri ajabu.

Niliandika vyeti vinne vya aina hiyo na sikuwahi kukosa usingizi.

Mwaka ninaousimulia, gavana wetu alikuwa Mheshimiwa Gervasi Kidunye, na alitaka kurudi. Gavana anayetaka kugombea tena hujaza Fomu ya Ufufuo. Kaburi linafunguliwa, anavaa nguo zake za zamani, mrithi mmoja anamwangalia na kutia saini kwamba ndiye yule yule, basi anakuwa mgombea. Kidunye alifufuliwa bila taabu. Akaja ofisini na misimamo arobaini na moja, yote kuhusu zahanati ya Vilimani. Asubuhi aliunga mkono ifunguliwe. Alasiri alipinga. Siku za mvua angeunda tume.

"Mheshimiwa," nilimwuliza kwa adabu, "na ikinyesha asubuhi?"

"Andika kwamba nitawasikiliza wananchi," alisema.

Niliandika. Huo ukawa wa arobaini na mbili.

Zahanati hiyo inabidi niieleze, maana bila yenyewe nisingekuwa na la kusimulia. Ilijengwa na watu wa Vilimani kwa mikono yao. Ilikuwa na kitanda kimoja cha kujifungulia, kabati la dawa na nesi mmoja. Lakini kwa sababu makaburi yako kilima kile kile, na maziko ya mgombea huleta wageni wazito kutoka makao makuu, Idara ya Itifaki iliona kuwa wageni wale wanachoka kwa huzuni na hawana pa kujinyoosha. Ikaifunga zahanati, ikaipaka rangi ya maziwa, ikaiita Nyumba ya Mapumziko ya Wafiwa wa Serikali. Kitanda hawakukitoa. Walikitandika shuka la maua.

Nesi aliyefukuzwa pale alikuwa Zawena Mtulia. Mdogo wangu Mwantumu anaishi Vilimani, na mwaka ule wa kufungwa alipata uchungu wakampakia kwenye baiskeli kumpeleka hospitali ya wilaya. Mtoto hakufika. Nesi Zawena ndiye aliyetembea pembeni ya baiskeli ile akimshika mkono mwendo wote, na ndiye aliyemwogesha mdogo wangu baadaye. Kwa hiyo alipoingia ofisini kwangu na gauni lake jeupe la unesi kutaka kugombea ugavana, nilisimama. Kwa Kidunye sikusimama.

"Una misimamo mingapi, Nesi?"

"Miwili tu, kaka Msajili. Wa kwanza, kitanda cha Vilimani kinarudi kwa wanawake wa Vilimani."

"Na wa pili?"

"Sitazikwa."

Niliweka kalamu chini. Nikamweleza kwamba hilo halijawahi kusajiliwa. Akasema, "Ndiyo maana nimekuja kulisajili. Mgombea na gavana ni mimi mmoja. Mtu akitaka kunidai, anijue kwa sura."

Niliuandika kwa wino mwekundu, ambao ni wa mambo mazito. Nikaugonga muhuri mara mbili.

Kwetu watu hawachagui kwa misimamo peke yake. Sheria inataka pia wapime akili ya mgombea, na kipimo chake kinaitwa Shauri la Kupimia. Unachukuliwa ugomvi wa kweli, unaletwa uwanjani, kila mgombea anausikiliza na kuutolea uamuzi wa mfano tu mbele ya wapiga kura. Mwaka ule ugomvi uliochaguliwa ulikuwa kati ya wanawake wa Vilimani na Idara ya Itifaki, juu ya kitanda kile.

Afisa wa Itifaki alisoma kurasa kumi na nne. Alieleza kwamba kitanda kiliundwa ili mtu alale juu yake akiwa na hali ngumu, na kwamba wafiwa wa serikali wanalala juu yake wakiwa na hali ngumu, hivyo matumizi hayajabadilika. Kisha akasimama mdogo wangu Mwantumu kwa niaba ya wanawake. Yeye hakuwa na karatasi.

"Mimi nilijifungua chini ya mkorosho," alisema. "Nimemaliza."

Kidunye aliamua kwanza. Alizipongeza pande zote mbili kwa ukomavu. Akaamuru kitanda kipimwe urefu na wataalamu, na wakati kinapimwa kisilaliwe na mtu yeyote isipokuwa wageni. Wapambe wake walipiga makofi, wakaendelea mpaka mmoja akaumwa mikono.

Nesi Zawena hakupanda jukwaani. Alishuka akaenda alipokaa yule afisa, akamwambia alale chini, pale pale kwenye vumbi, na suti yake.

"Nilale kwa nini?"

"Nataka uamue mwenyewe kama panafaa."

Afisa alikataa. Nesi akageukia uwanja. "Amekataa hata kwa dakika moja, naye hana uchungu wowote. Kitanda kirudi leo."

Sijawahi kusikia uwanja ukipasuka vile. Wanawake walivua kanga za mabegani wakazirusha juu. Mimi, mtumishi wa umma ninayekatazwa kushangilia, nilijikuta nimeshika kofia yangu hewani. Aliamua kwa akili na kwa huruma, na kwenye daftari langu palikuwa na wino mwekundu. Nilidhani vitu hivyo vitatu vikikutana hakuna kinachoweza kuharibika.

Alishinda. Kidunye akaenda zake kwenye kijiwe cha kahawa na misimamo yake arobaini na miwili.

Siku mbili kabla ya kuapishwa nilikwenda kwake na cheti cha kifo kikiwa kitupu, ili akiandike "nakataa" na mimi nishuhudie. Nilimkuta sebuleni na Bwana Ndelemi, wanakunywa chai. Mwanasheria alikuwa ameleta jeneza la mfano, dogo, la kuchagulia rangi.

"Kaka Msajili, keti," alisema Nesi. "Bwana Ndelemi ananielimisha. Kumbe mgombea asipozikwa, gavana hawezi kuapishwa."

"Lakini ulisema utakataa, Nesi."

"Nilisema. Lakini nisipoapishwa, Vilimani watapata nini? Kitanda kitarudishwa na nani?" Alinitazama kwa macho yale yale aliyomtazamia mdogo wangu njiani, nayo yalinilegeza. "Nizikeni kidogo tu. Ni karatasi. Mimi nabaki yule yule."

"Kidogo tu," Bwana Ndelemi alikubali. "Tunaweza hata kuchimba kaburi fupi."

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nilikuwa na kalamu, na cheti kilikuwa changu. Badala yake nilifikiri kwamba mtu mwenye akili kama yake bila shaka ameona mbali kuliko karani kama mimi. Nikaandika. Jina la marehemu: Zawena Mtulia, mgombea. Chanzo cha kifo: ushindi. Kaburi halikuwa fupi. Walichimba la kawaida, wakaweka marumaru.

Gavana alilia vizuri. Nimewaona wengi na naweza kulinganisha. Alivaa suti ya kijani na kilemba, na gauni lake jeupe la unesi lilikuwa ndani ya jeneza pamoja na kurasa mbili nilizoziandika mwenyewe. Kwenye rambirambi alisema:

"Ndugu wafiwa, nilimfahamu marehemu kwa karibu. Alikuwa na moyo wa dhahabu. Aliwapenda watu wa Vilimani. Laiti Mungu angempa umri, sijui angefanya makubwa gani. Serikali yangu itamkumbuka daima."

Watu wa Vilimani walipiga makofi, maana walidhani anatania. Mwantumu alinisogelea. Alikuwa na mimba ya miezi minne. "Kaka, si alisema ni karatasi tu?"

"Ni karatasi tu," nilimwambia. Nilimwambia mdogo wangu neno hilo, na ninaliandika hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kuliweka.

Baada ya maziko wageni walichoka kwa huzuni, wakaenda kujinyoosha kwenye shuka la maua.

Mwezi uliofuata kila nyumba ya Vilimani ilipata barua. Ilianza kwa pole. Iliwajulisha kwamba wao, kama warithi halali wa marehemu, wamerithi msimamo mmoja wa zahanati, na wako huru kuutekeleza kwa uwezo wao. Warithi walifyatua matofali. Ukuta ulipofika magotini alikuja mkaguzi, akauliza kibali cha gavana kiko wapi. Wakaenda kukiomba. Waliambiwa gavana hatoi vibali kwa miradi ya watu waliofariki.

Mwantumu akanitaka nimpeleke kwa gavana mwenyewe. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Tulisubiri tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, kwenye viti vinavyomwekea mtu mgongo wima kama mwanafunzi. Tulipoingia, gavana alisimama, akamshika mdogo wangu mikono yote miwili.

"Pole sana kwa msiba," alisema.

Mwantumu akamtazama. "Nesi Zawena."

"Najua, mlikuwa mnapendana. Mimi mwenyewe sijapoa."

"Nesi, ni mimi Mwantumu. Ulitembea na mimi."

"Alinisimulia habari za safari hiyo," alisema gavana. Kisha akainama akasema kwa chini, kama anayetoa siri ya familia, "Lakini tuseme ukweli, marehemu hakuwa na uzoefu wa uongozi. Aliahidi mambo bila kuzungumza na Itifaki."

"Nimebakiwa na mwezi mmoja," Mwantumu alisema. "Sitaki zahanati nzima. Nataka kitanda siku moja."

Gavana aliandika kitu kwenye karatasi ndogo. Nilifurahi, nikidhani ni ruhusa. Tulipotoka nje tukaisoma. Ilikuwa kadi ya rambirambi.

Uchungu ulimshika siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, jua limewaka, barabara kavu. Shemeji na majirani walimbeba kwenye kiti hadi lango la Nyumba ya Mapumziko, ambalo liko hatua mia mbili kutoka kwake. Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alisema ndani kuna naibu katibu kutoka makao makuu, amekuja kukagua marumaru, amelala, na amri ni asiamshwe. Mlinzi mwenyewe alilia. Walipiga simu ofisini kwa gavana wakaambiwa yuko kwenye semina ya afya ya mama na mtoto. Walimtandikia kanga pale langoni.

Alikuwa wa kiume. Alipumua kidogo, akaacha.

Nilifika saa saba. Nilisimama pale langoni na muhuri wangu mfukoni, maana nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja, nikajichukia kwa namna ambayo sijawahi kumchukia Kidunye. Kidunye hakuwahi kunifanya nimwamini. Huyu alinifanya niinuke kitini kumpokea. Alichukua imani ya mdogo wangu na ya kwangu, akaifunga vizuri, akaipiga marumaru juu, na mimi ndiye niliyempa cheti.

Kwenye Sheria ya Watu Wawili kuna kifungu cha kumi na tisa ambacho hakuna aliyekuwa amekitumia. Kinasema mrithi, pamoja na watoto wake, ana haki ya kuzikwa karibu na marehemu. Niliusoma ukurasa ule mbele ya Bwana Ndelemi, naye alitafuta pa kunikatalia akakosa. Tukamzika mtoto pembeni ya marumaru ya mgombea. Katika urithi wote ulioandikwa kwenye ile barua, hicho ndicho kitu pekee kilichotufikia.

Miaka mitano haikawii. Gavana aliamua kurudi kwa wananchi, akajaza Fomu ya Ufufuo. Wapambe wake walitafuta mrithi wa kumtambua, wakamchagua Mwantumu, kwa kuwa habari ya baiskeli ilikuwa ingali inapendwa na watu na ingetoka vizuri kwenye picha. Nilimkataza. Akaniambia, "Kaka, nitakwenda."

Kaburi lilifunguliwa asubuhi, bendi ya jimbo ikipiga. Gavana alivaa lile gauni jeupe juu ya nguo zake. Lilinuka uvundo, na vifungo vya kiunoni havikufika, akashikilia kwa mkono. Alipokuwa anasubiri wapiga picha wajipange, macho yake yaliangukia kilima kidogo cha udongo kando ya marumaru, kimezungushiwa mawe meupe.

"Na hili dogo ni la nani?" aliuliza.

"Ni la mrithi wake," alisema Mwantumu.

Gavana alirudisha macho kwa wapiga picha. Bwana Ndelemi akakohoa, akasoma fomu. "Mrithi, unamtambua huyu aliyesimama mbele yako kuwa ndiye marehemu Zawena Mtulia, mgombea?"

Mwantumu alimzunguka mzima, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Gauni nalitambua," alisema. "Aliyelivaa simjui."

"Mwantumu," gavana alisema kwa sauti ya zamani, sauti ya njiani. "Ni mimi."

"Hapana, Mheshimiwa. Wewe ulinipa pole. Yule wa kwangu angelia na mimi."

Bwana Ndelemi alininong'oneza kwamba fomu haina nafasi ya jibu hilo, ina neno moja tu, Anatambulika, nigonge muhuri. Nikageuza fomu nyuma, palipo peupe, nikaandika kwa wino mwekundu: Hakutambuliwa. Nikagonga mara mbili. Gavana alinitazama, na kwa kitambo kidogo sana nilimwona Nesi mle ndani, ananitazama kama mtu aliyefungiwa chumba cha ndani. Kisha akashusha mkono, vifungo vikaachana, akaenda kwenye gari lake.

Najua msomaji angependa niishie hapo. Mimi pia ningependa. Lakini wiki ileile jimbo lilipata Msajili mpya, mtu msomi, ambaye alimtambua gavana kwa kutumia picha. Mgombea alipanda jukwaani na misimamo miwili. Wa kwanza ulihusu kitanda cha Vilimani. Wa pili ulisema kwamba safari hii hatazikwa, na watu walirusha kanga juu.

Mimi sikufukuzwa. Serikali yetu ina huruma. Nilihamishiwa Vilimani kuwa mfagiaji wa Makaburi ya Wagombea, na wiki iliyopita nilishika koleo nikalifukia tena kaburi lake, wageni wakalia, wakachoka, wakaenda kujinyoosha. Jioni Mwantumu huja na maji kwenye ndoo kumwagia yale mawe meupe. Hatuzungumzi sana. Nina makaburi kumi na moja ya kufagia kila siku, na katika yote hayo ni moja tu lenye mtu ndani.